Umeme Uliotulia

Mama alipoanguka mara ya pili alikuwa ameshika mkasi. Alikuwa anamkatia mteja kitambaa cha pazia, akasema, "Nisubiri kidogo, mama," akajishusha chini taratibu kama mtu anayetafuta pini iliyodondoka, kisha akalala ubavu. Mkasi ulibaki mkononi, umefunguka. Mdogo wangu alinieleza hivyo kwenye simu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa kule Ilala, wanafunzi wananitazama nimalizie sentensi. Sikuimalizia. Nilitoka na chaki mkononi.

Hospitali nilimkuta amekaa kitandani, amenuna, anauliza duka limefungwa na nani. Mwaka uliotangulia moyo wake ulikuwa umeanza kuchelewa kupiga, wakamwekea chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kile kifaa ambacho watu wanakiita betri ya moyo. Kazi yake ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza. Ukichelewa, kinaustua kwa umeme kidogo sana. Mtaalamu wa vifaa hivyo alikuwa ameshampima, kama alivyompima alipoanguka mara ya kwanza, na jibu lilikuwa lile lile: betri nzima, waya zake ziko mahali pake, hakuna kasoro. Akatuambia tumwangalie vizuri, tuone kizunguzungu kinamjia akiwa wapi na akifanya nini, halafu turudi naye baada ya mwezi.

Akiwa wapi? Mimi jibu nilikuwa nalo tayari. Mara zote mbili alikuwa dukani, kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, na nyuma ya kiti hicho, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba, ndipo mdogo wangu alipopanga betri zake za sola.

Mdogo wangu ni fundi sola. Duka la mama lipo Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, mashuka na mapazia kwa jumla na rejareja, na kipindi umeme ulipokuwa unakatika hovyo alimfungia mfumo kamili: paneli juu ya bati, betri nyuma ya ukuta, taa na feni zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja. Aliufunga kwa mapenzi, na kwa kujisifu kidogo, maana wateja walikuwa wakiingia kwenye ubaridi wa feni wakati mtaa mzima unajipepea kwa maboksi. Kwa hiyo nilipomwambia pale kwenye korido ya hospitali akatoe betri zake siku hiyo hiyo, nilijua namchoma. Sikujali.

"Dada, acha hizo," akasema. "Mimi ndo nafunga hivi vitu kila siku. Hospitali walichotukataza ni mawimbi. DC haina mawimbi. Umeme wa ukutani ndo unapanda na kushuka. Huu wa betri umetulia, unaenda moja kwa moja. Mawimbi yatoke wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Fundi yeyote Gerezani anajua. Muulize unayemtaka."

Mimi nafundisha fizikia, na sina subira. Uongo mtupu nauvumilia kuliko ukweli uliokatwa nusu, kwa sababu uongo unaufuta ubaoni yakaisha, lakini nusu ukweli huwezi kuukana wala kuukubali. Nilimjibu kwa sauti ya darasani, na muuguzi akatuonyesha kidole mdomoni.

Nilichomwambia ni hiki, na bado nakiamini. Milinganyo inayoeleza mawimbi ya redio na mwanga wa jua ndiyo hiyo hiyo inayoeleza betri na balbu. Hakuna milinganyo ya daraja la pili iliyotengwa kwa ajili ya mkondo mnyoofu. Unapobonyeza swichi, habari kwamba umewasha inakimbia kama wimbi, si ndani ya waya tu bali kwenye nafasi inayouzunguka, inafika kwenye balbu, sehemu yake inarudi, inakwenda tena, mpaka pande zote zimeelewana. Yote hayo yanaisha kabla hujaondoa kidole. Ndipo umeme unatulia, kama maji ya beseni ukishaliweka chini. Lakini maji yakitulia hayajaondoka. Kuzunguka waya unabaki uga wa umeme na uga wa sumaku, kimya, na nishati inayowasha balbu inapita humo. Mdogo wangu alikuwa sahihi kwamba mkondo uliotulia hautoi mawimbi. Alikosea kudhani kwamba pasipo na wimbi hapana kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Sawa, mwalimu. Sasa nijibu moja tu. Betri zangu zinamdhuru mama au hazimdhuru?"

Nadharia ilikuwa inaniambia kitu kipo pale. Haikuniambia kama kinatosha kumwangusha mtu.

"Basi kama si betri, ni duka lenyewe," akasema. "Joto, makelele, kugombana na wateja kutwa nzima. Jumatatu nampeleka Moshi akapumzike. Duka tunapangisha."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesikia kila neno.

"Mnanizika," alisema, kwa utulivu ulionitisha kuliko angepiga kelele.

Na alikuwa anasema kweli. Mama alikuja Kariakoo akiwa bibi harusi, akaanza na mashuka mawili matatu aliyoyapanga barazani, baba alipofariki akatulea kwa pazia. Kule Moshi kuna nyumba nzuri aliyoiacha baba, migomba na baridi, na hakuna mtu wa kubishana naye. Tena kutoka pale nyumbani hadi hospitali yenye mtaalamu wa kifaa chake si mwendo wa kukurupuka na bajaji. Nilimwona ameketi kwenye ule ukimya, anaanguka peke yake. Nikamwomba mdogo wangu anipe Jumapili. Kama betri zake zina hatia, tunaziondoa na mama anabaki. Kama hazina, sitamzuia. Akakubali shingo upande.

Lazima niseme kuhusu hilo neno, mawimbi, kwa sababu lilikuwa limeshageuka kuwa kama mtu mwingine nyumbani kwetu. Siku mama aliporuhusiwa kutoka na kifaa chake kipya, muuguzi alimwambia, pamoja na mambo mengine mengi, akae mbali na mawimbi makali ya umeme. Yale mengine tuliyasahau kwenye ngazi. Mawimbi tulirudi nayo nyumbani. Mdogo wangu akagawa jiko la maikrowevu. Mimi nikamkataza asikae karibu na spika za kanisani. Mama mwenyewe, ambaye hajawahi kunisikiliza kwenye jambo lolote tangu nizaliwe, kwenye hili akawa mwanafunzi wa mfano: akibadilisha upande wa barabara kuukwepa mnara wa simu, akiuliza kama pasi ina mawimbi, kama mwezi una mawimbi. Hata simu yake akawa anaizima akiwa dukani. Nilipomlalamikia kwamba mchana hapatikani, akanieleza sababu, nami nikamwambia hapo umefanya la maana, mama.

Jumapili baada ya ibada tulifungua duka mlango mmoja tu. Mama alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake na gauni lake la kanisani, mkoba mapajani, akatutazama kama tumekuja kumkagua mizani. Mdogo wangu alikuwa hajanisalimia. Nilijua kwamba kwenye gari lake kulikuwa na begi la mama, ameshalipanga.

Nilianza na redio. Mama ana karedio kadogo ka kusikilizia mahubiri. Nikakaweka kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na kituo, panapotoa ule mchakacho kama wa mvua ya mbali. Nikamwomba mdogo wangu azime kila kitu, kisha awashe feni. Alipobonyeza, redio ikasema kra. Akazima, ikasema kra tena. Katikati, feni ikizunguka kwa nguvu zake zote, redio haikusema lolote la kuongeza.

"Umesikia?" nikamwambia. "Hilo kra ni wimbi. Limetoka kwenye DC yako."

"Linatoka ukiwasha na ukizima tu," akasema. "Mama haanguki tukiwasha swichi."

Alikuwa sahihi, na iliniuma. Nikapeleka redio nyuma ya ukuta, kwenye kile kisanduku kinachodhibiti chaji inayotoka kwenye paneli. Pale redio ililia kama mbu mkubwa, bila kupumzika, kwa sababu kisanduku hicho kinaukatakata umeme mara nyingi mno kwa sekunde, na umeme unaokatwakatwa haujatulia hata kama unaitwa DC. Mdogo wangu alibadilika uso. Nikaanza kurudi nyuma na redio mkononi, hatua kwa hatua, kuelekea kiti cha mama, nikiomba iendelee kulia. Sijawahi kuombea kelele namna ile. Kabla sijafika kwenye ukuta wa mbao ilinyamaza. Nikairudisha, ikalia; nikaivuta, ikanyamaza. Kwenye kiti hapakuwa na kitu.

"Bado sumaku," nikasema.

Redio inasikia kinachobadilika. Kilichotulia haikisikii, unahitaji kitu kingine, na dira ya maabara niliisahau shuleni. Nikatoka kwa jirani yetu wa mlango wa pili, mzee mwenye asili ya Uarabuni anayeuza miswala, kofia na manukato. Duka lake halifungwi Jumapili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Hatujui, mzee. Naomba uniazime dira moja ya kibla."

Alinitazama, Mkristo wa Kilimanjaro na nguo za kanisani, akatabasamu nusu. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Alinichagulia mwenyewe, akaitikisa kidogo kuhakikisha sindano inacheza huru. "Usiiweke karibu na chuma," akasema, "itakudanganya."

Tuliyatoa mabomba yote ya pazia nje. Nikaiweka dira kwenye waya wa nyuma ya kiti, mdogo wangu akawasha feni zote na taa zote. Sindano iligeuka ikaganda upande mwingine. Haikutetemeka, haikurudi. Redio pembeni ilikuwa kimya kabisa. Umeme uliotulia, na hauna wimbi hata moja, ulikuwa umeishika sindano ya mzee ukaipotosha kutoka Makka. Mdogo wangu aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

Lakini nilipoisogeza dira kutoka kwenye waya, umbali wa shubiri chache tu, sindano ilirudi kaskazini. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilijaribu kulia, kushoto, juu kwenye usawa wa bega la mama, nikiwa nimesimama nyuma yake. Hapo sindano iliyumba kidogo, lakini mdogo wangu alipozima kila kitu ikabaki imeyumba vile vile. Si waya, basi. Nikadhani ni geti la chuma, au mkono wangu unatetemeka.

"Dada, basi," mdogo wangu alisema, na safari hii hakusema kwa kunikejeli. "Umejaribu. Tumpeleke tu."

"Mpeleke nani?" Mama akawaka. Akamgeukia mwanawe, akamwambia maneno ambayo mtu aliyetoka kupokea baraka hapaswi kuyasema: kwamba huo ujuzi wake wa kufunga sola ameupata kwa mapazia hayo hayo, kwamba kama anataka kupangisha akapangishe nyumba ya mkwewe. Niliiweka dira juu ya kaunta, nikapiga magoti nikamshika kifundo cha mkono, nimtulize, na kwa tabia tuliyoizoea nyumbani vidole vyangu vikatafuta mapigo.

Yalikuwa yanakwenda kama cherehani. Sawasawa, haraka kidogo, bila kupanda wala kushuka. Mama alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja, mishipa imemtoka shingoni, na mapigo hayakuwa na habari. Mtu mwenye hasira moyo wake hukasirika naye. Wa mama ulikuwa unapigishwa na kitu kisichomsikia. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama yangu na nahisi kama nimeshika saa.

"Na hiyo dira mnaitazamia nini?" akasema, bado anafoka. Akainama juu ya kaunta kuitazama.

Sindano iligeuka ikamtazama yeye.

Mama akarudi nyuma, sindano ikarudi kaskazini. "Inama tena," nikamwambia. Akainama. Ikamgeukia tena, moja kwa moja, kwenye kifua chake.

"Yesu wangu," mdogo wangu akasema. "Ni ile betri ya moyo?"

Haikuwa hivyo, kile kifaa hakina nguvu ya kuvuta sindano kutoka mbali namna ile. "Mama, una nini kifuani?"

"Sina kitu."

"Mama."

Akaingiza mkono ndani ya gauni, juu kabisa, kwenye kamba ya sidiria upande wa kushoto, mahali ambapo wanawake wa Kariakoo wote wanahifadhi kisichotakiwa kuibwa. Akatoa simu. Ilikuwa ndani ya kava jipya, la kufunika kama kitabu, lenye mlango unaojishika wenyewe: tik.

"Nimeizima," alisema haraka, kama mtoto aliyefumaniwa. "Tazama, imezimwa. Naizima kila siku kabla sijaiweka. Na hili kava ni la kuzuia mawimbi, machinga pale kona aliniapia. Nimefanya mlivyoniambia."

Niliichukua nikaisogeza kwenye dira. Sindano ilizunguka mpaka ikapoteza mwelekeo. Ndani ya ule mlango wa kava kulikuwa na sumaku ndogo, ya kuufanya ujishike. Haina wimbi, haina hata waya. Umeizima simu, hujaizima sumaku. Na kila siku ya kazi ilikaa imebanwa kwenye ngozi ileile iliyofunika kifaa chake. Nyumbani anavaa dera bila sidiria na simu inalala mezani, na hospitali kabla ya kupimwa anavua kila kitu na kukitia mkobani. Ndiyo maana kila walipompima alikuwa mzima.

Mdogo wangu alikuwa ameshampigia yule mtaalamu. Aliweka sauti ya nje, nasi tukamsikia akisema kwamba sumaku ikikikaribia, kifaa huacha kusikiliza, kinapiga kwa kasi moja bila kujali moyo unafanya nini. Moyo nao ukipiga wa kwake, viwili hivyo vinagombana, na mtu anaweza kupata kizunguzungu hata kuanguka. Ukiiondoa, kinarudi kazini. Tusiirudishe hiyo simu hapo, na kesho tumpeleke akahakikishe.

"Moshi kuna simu pia," mama alisema, bila kumlenga mtu yeyote. Mdogo wangu alielewa wakati mmoja na mimi. Angempeleka kule juu, angemketisha barazani mwa baba na simu yake iliyozimwa kifuani, salama kutokana na mawimbi yote ya Dar. Akageuka akatazama ukuta wa mapazia, mabega yakamtikisika.

Mimi nilirudisha vidole kwenye kifundo cha mama. Ile cherehani ilikuwa imesimama. Palikuwa na pigo, kisha pengo, kisha pigo jingine, polepole, zito, la mtu mzima aliyechoka. Nilisubiri. Yakaja mengine. Lakini nilikuwa sijaridhika, nilitaka kujua kama kuna mtu humo ndani.

"Mama," nikasema, "hivi kwa nini mapazia yako unawapiga watu bei? Ng'ambo ya barabara wanauza nusu yake."

Aligeuka polepole. "Nani anauza nusu?"

"Watu wanasema. Tena wanasema ya kule ni mazito kuliko yako."

"Mazito? Yale matambara ya kudekia? Wewe umesomeshwa na mapazia gani, mbwa wewe, unakuja kunitukana dukani kwangu siku ya Bwana..."

Akaendelea, akataja shule zangu zote na ada zake, na chini ya vidole vyangu mapigo yakaanza kupanda, yakakimbia, yakakasirika naye. Nikamwacha anitukane mpaka amalize.